Mashine ya Kukaushia Nguo na Bomba la Nyuma ya Nyumba

Nyie vijana mnaosomea umeme, kila mkipita hapa kwangu Buyenzi mnanikuta kibarazani na redio yangu, mnauliza swali lile lile: "Mzee Ramazani, ni kweli ulikuwa fundi wa mashine za kukaushia nguo? Hapa hapa Bujumbura?" Kisha mnaangaliana na kucheka.

Chekeni tu. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza. Mji wetu una jua linalokausha shuka kabla hujamaliza kikombe cha chai, halafu mtu mzima aliyesoma anatia sanduku la chuma ndani ya nyumba, analilisha umeme wa mtaa mzima, ili lifanye kazi ambayo jua linaifanya bure. Nilimwuliza mwalimu wangu kama hao watu wana akili timamu. Akaniambia wana akili na wana nzi pia.

Yule nzi mnamjua. Anataga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa, unaivaa bila kupiga pasi, baada ya siku chache una jipu mgongoni na ndani ya jipu kuna mpangaji. Wazungu walimwogopa huyo kuliko simba. Wakubwa wetu waliosoma Ulaya wakarudi na woga huo pamoja na mashine yenyewe. Nyumba moja kule Rohero niliikuta imewekwa sebuleni, karibu na televisheni, ina kitambaa cha kufuma juu yake na chombo cha maua. Mwenye nyumba alinieleza kwamba ikiwekwa uani wageni hawataiona.

Vita vya miaka ya tisini vilipoanza nilidhani kazi yangu imekwisha. Wazungu wengi walipanda ndege, wengine wakaacha soksi ndani ya pipa la mashine. Kumbe ndipo kazi ilipoanza. Nguo iliyoanikwa uani miaka ile ilikuwa tangazo. Mpita njia anahesabu mashati anajua nyumba ina wanaume wangapi. Anaona gauni la mjane, anaona sare, anaona nguo za watoto, na jioni habari zimefika zisikotakiwa. Watu wenye uwezo wakaanza kukausha nguo ndani, madirisha yamefungwa. Mashine ambazo watu walikuwa wanazicheka zikanunuliwa kwa kugombaniwa, mbovu na nzima, na mimi nikawa mtu wa kutafutwa. Nilijiona daktari. Nilinunua hata mkoba wa ngozi.

Basi niwape ya kazi kwanza, maana najua mtasahau hadithi na kukumbuka ya kazi, au kinyume chake, au vyote mtasahau.

Mashine ikiwaka lakini pipa halizunguki, usikimbilie mota. Zungusha pipa kwa mkono. Likizunguka kilaini mno, kama halijui kuna mota, mkanda umekatika. Likiwa zito, kuna kitu kimenasa, na mara nyingi ni sidiria, na mara zote mwenye nyumba atasema si yake. Mashine ikinguruma bila kuzunguka, pima umeme kabla ya kupima kitu kingine. Miaka ile umeme ulikuja umechoka, umepita kwenye pasi, majiko na friji za mtaa mzima, ukifika kwako hauna nguvu hata ya kukung'uta leso. Mashine isipowaka kabisa, bonyeza swichi ndogo ya mlango kwa kidole. Mimi niliwahi kubomoa mota siku nzima, nikaitandaza vipande vipande juu ya gazeti, kisha mpishi wa nyumba ile akapita na sufuria yake, akausukuma mlango kwa goti, na taa ikawaka. Alinitazama, akaitazama mota yangu juu ya gazeti, akaenda zake.

Na lile chujio la nyuzi, safisheni. Kila nguo inayokauka inamwaga nyuzi, na nyuzi zikijaa, hewa ya moto haina pa kupita. Nilikuwa nachukua zile nyuzi kwa kila mteja nazipeleka nyumbani. Mke wangu alijaza mito miwili. Nimelalia mashuka ya mabalozi watatu bila wao kujua.

Siku hizi nyie mashine ikikohoa mnang'oa kadi nzima ya umeme mnatia nyingine, mkikosa mnatazama kwenye simu Mhindi mmoja anavyofanya. Sisemi ni vibaya. Ila simu haina pua, na mashine hii inajulikana kwa pua kabla ya macho.

Mwalimu wangu alikuwa Papa Lukusa, Mkongomani wa Uvira, mfupi, na suruali zake alizifunga juu ya kitovu. Alitunza mashine za kufulia na kukaushia za hoteli moja mjini kabla ya kunichukua. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungua zamani, ngozi inameta, na ule ndio aliokuwa anaupitisha mbele ya bomba la kutolea hewa. Mashine zile zina bomba nene kiasi cha kiganja, linatoka ukutani na kutupa hewa ya moto nje. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimeshafungua mgongo wa mashine.

"We Ramazani, mashine inaumwa nini?"

"Haikaushi, Papa. Joto hakuna."

"Umeenda inje?"

"Bado."

"Sasa unapasua yake tumbo ya nini? Munganga anapasua mutu mbele ya kumuuliza? Enda inje. Weka mukono kwa bomba. Kama upepo haitoke, hiyo bisibisi yako irudi mu mufuko."

Nilienda nje. Ndege alikuwa amejenga kiota ndani ya bomba. Hewa ilikuwa imekosa njia, joto likazidi, na kidude kidogo kama kidonge kilichokaa karibu na koili ya moto kikaungua ili mashine isishike moto. Kile ndicho fyuzi ya joto. Kazi yake ni kufa kabla nyumba haijaungua. Papa Lukusa alikitoa, akakishika mbele ya pua yangu.

"Huyu amekufa juu ya wewe," akasema, yaani kwa ajili yangu. "Ukiweka mwingine bila kujua nini imemuua, we ndiyo mubaya, si mashine."

Mapigano yalipozidi, Papa Lukusa alivuka mpaka akarudi kwao Uvira. Aliniachia bati la majani ya chai lenye fyuzi tano za joto, akaniambia nizitunze. Kisha ikaja ambargo, majirani wote wakafunga mipaka, na vipuri vikawa havipatikani hata kwa kuviombea dua. Fyuzi tano. Nilizihesabu mara nyingi kuliko nilivyohesabu watoto wangu, Mungu anisamehe.

Sasa ndiyo nafika kwenye mtaa wa Mutanga Sud. Nilikuwa nazungukazunguka kwa sababu naona haya.

Kulikuwa na nyumba karibu na chuo kikuu, ya mtu tuliyekuwa tunamwita Shefu. Sitaji ofisi yake, na mkizitaja zote hamtakosea sana. Mke wake alikuwa Madamu, mwenye mashine kutoka Ubelgiji. Na aliyekuwa anafua ni mwanamke mmoja anaitwa Domitila. Nyumba yake Musaga ilikuwa imeungua, mume hajulikani alipo, naye alikuwa anakaa kwenye chumba cha uani kwa Shefu na watoto wake wawili. Alikuwa hana mahali pengine. Akitoka pale ni kambi ya wakimbizi wa ndani, chini ya hema, na kambi nyingine zilishashambuliwa. Haya yote nilijua. Kila mtu aliyepita geti lile alijua, hata Shefu, ndiyo maana alimlipa jinsi alivyopenda.

Mara ya kwanza nilipoitwa, mashine haikuwa na joto. Nikafungua, nikakuta fyuzi ya joto imekufa. Hapo nilitakiwa kufanya nini? Nyie mmeshajua. Nilitakiwa kuzunguka nyuma ya nyumba niweke mkono kwenye bomba. Ila ukuta wa nyuma ulitazama milima, na kutoka milimani waasi walikuwa wanapiga risasi. Zamu, mlinzi wa getini, aliniambia bila kuulizwa:

"Fundi, kule nyuma usipite. Juzi imegonga tangi ya maji."

Nilichungulia kwenye kona. Kutoka kona hadi kwenye bomba zilikuwa hatua kumi na mbili hivi. Nikarudi ndani na mkoba wangu wa ngozi. Nilijiambia fyuzi imezeeka, mashine ni ya siku nyingi. Nikatia fyuzi ya kwanza kutoka kwenye bati. Joto likarudi, Madamu akapiga makofi, nikanywa fanta.

Baada ya wiki mbili nikaitwa tena. Nikatia ya pili. Fanta tena. Ya tatu, ya nne, ya tano. Kila mara nachungulia kwenye kona, naona mlima, narudi ndani kueleza habari za umeme mbovu kwa Kifaransa changu cha kuokoteza. Madamu anaitikia kwa kichwa. Domitila alikuwa anapita na beseni lake, sisi tunaongea, anasema "pole" ili nimpishe mlangoni. Sikuwahi kumwuliza neno. Alikuwa mfuaji tu, na mimi nilikuwa daktari.

Safari ya sita bati lilikuwa tupu. Madamu alikuwa na sherehe ya posa ya binti wa ndugu yake, na imvutano yake, ile nguo ya heshima ya kufunga begani, ilikuwa mbichi. Nikachukua kipande cha waya wa shaba, nikaunganisha pale fyuzi inapokaa. Moja kwa moja. Niliziba kinywa cha kitu pekee kilichokuwa kinajaribu kutuambia ukweli. Nikamwambia Madamu, "Ni ya muda tu." Nikanywa fanta ya sita.

Ilichukua siku nne.

Zamu alinifuata Buyenzi kwa baiskeli, asubuhi. Nilipofika, chumba cha kufulia kilikuwa cheusi hadi dari, kinanuka plastiki. Nyuzi zilizojaa ndani ya mashine zilikuwa zimeshika moto. Domitila alikuwa wa kwanza kuona moshi. Alizima swichi kubwa ya nyumba kwanza, kisha akafunika mashine na blanketi lililoloweshwa. Zimeni umeme kwanza ndipo mguse maji, mnasikia? Hakuna aliyemfundisha. Mimi niliyefundishwa, siku ile sijui kama ningekumbuka.

Na shukrani yake ndiyo hii: alikuwa amesimama ukumbini, mikono imeungua kidogo, anashitakiwa. Madamu alishika imvutano yenye tundu kubwa la kuungua katikati. Shefu alivaa suti na tai, tayari kwa ofisi, na hasira ilimfanya aongee taratibu.

"Mashine ya Ubelgiji haijiunguze yenyewe," akasema. "Huyu mwanamuke ametumwa."

Nyie hamkuwepo, kwa hiyo neno lile kwenu ni neno tu. Miaka ile mtu akisemwa ametumwa, hakuna aliyeuliza na nani. Alichukuliwa, hakurudi.

"Shefu, mi sijatumwa na mutu. Niliweka nguo ya Madamu tu, vile amesema. Watoto wangu wako mu nyumba hii hii. Naweza unguza watoto wangu?"

"Mbele ya kuvrefe, mbele barabara zifungwe usiku, uwe umetoka hapa. Na bahati yako sijaita wasoda na bunduki zao." Kisha akanigeukia mimi. "Fundi, sema we. Inawezekana mashine ijiunguze?"

Nikasema naomba niitazame kwanza. Nikapiga magoti mbele ya mashine, nikafungua mgongo wake. Waya wangu ulikuwa pale pale, mzima, umeng'aa rangi ya zambarau kwa joto. Kila kitu kimeungua isipokuwa uongo wangu. Nikautoa nikautia mfukoni. Ndiyo, niliutia mfukoni. Ulikuwa bado una joto kidogo na niliusikia pajani. Nilikuwa na wateja kumi na saba katika mtaa ule na mingine ya juu, na mke, na jina, na ule mkoba.

Kisha nikainua kichwa, Domitila ananitazama. Alitazama mfuko wangu, halafu akatazama pembeni, jinsi mtu anavyotazama pembeni akikuta mwenzake anajisaidia njiani.

Hapo nikaona haya, vijana. Haya ya kweli. Nikatoka nje bila kuaga, nikafika kwenye kona, na kwa mara ya kwanza nikazunguka nyuma ya nyumba. Msinione shujaa. Nilienda nimeinama, magoti karibu yaguse kidevu, mkoba nimeuweka kichwani kana kwamba ngozi ya mbuzi inazuia risasi. Kulikuwa na kamba ya kuanikia, na nguo ndogo za watoto zimening'inia, nikazipangua kwa mkono ili nipite. Bomba nikalikuta. Mbele ya mdomo wake kulikuwa na gunia la mchanga, limesukumwa likabana kabisa. Hata pumzi haikuweza kutoka.

Nikaelewa mara moja. Shefu alikuwa anaogopa mtu atatupa gruneti kwenye lile bomba. Alikuwa ameamuru litiwe gunia, akaendelea kukausha mashati. Fyuzi tano za Papa Lukusa zilikuwa zimekufa zinalalamika juu ya gunia lile, na mimi nilikuwa nazizika moja moja na kutia nyingine.

Nilirudi ukumbini nikiwa na maneno matamu mdomoni. Nilitaka kumwambia Shefu, gunia ni lako. Nikamtazama usoni, nikaona itakavyokuwa. Mtu wa namna ile ukimwambia kosa ni lake, anatafuta haraka mtu wa kulibeba, na aliyekuwa karibu zaidi alikuwa Domitila. Gunia nikalimeza. Nikatoa waya mfukoni, nikauweka mezani, juu ya kitambaa cheupe.

"Shefu, ni mimi. Fyuzi ziliisha, nikafunga waya. Mashine imeungua kwa mukono yangu. Huyu mama hana kosa. Bila yeye, leo hauna nyumba."

Madamu akaketi na imvutano yake mapajani. Shefu aliugeuza waya kwa kalamu yake, asiuguse, akaniita majina ambayo sitawatajia. Ila niliona mabega yake yamelegea. Alikuwa amepata mwenye kosa, tena fundi wa Buyenzi asiye na cheo, na gunia lake halikutajwa. Alifurahi kabisa, mzee yule. Akaniambia nisikanyage tena mtaa ule, na jioni yake alikuwa ameshawapigia simu marafiki wote. Wateja kumi na saba wakabaki wawili, na mmoja kati ya hao wawili alikuwa hana simu. Nilirudi kutengeneza pasi na redio kwa miaka mingi, na mkoba nikamwuzia mwalimu mmoja wa shule.

Kabla ya kutoka nilimwambia zamu, kwa sauti ya chini, aliondoe gunia pale bombani kabla hawajaleta mashine nyingine. Nikamwambia aseme ni wazo lake. Akakubali haraka, maana hajawahi kupewa wazo.

Domitila alinisindikiza hadi getini. Shefu alikuwa amemwambia abaki. Alikuwa amebeba beseni kubwa la nguo za Madamu zilizokuwa hazijaingia kwenye mashine asubuhi ile, mbichi bado, na mikono yake imefungwa vitambaa. Nilisimama nikisubiri. Nisiwadanganye, nilikuwa nasubiri ahsante. Mtu amejivunjia riziki yake, ahsante si kitu kikubwa.

"Fundi," akasema, "kile kigunia mi nilikiona tangu siku ya kwanza."

"Kumbe? Na haukusema?"

"We ulikuwa unaongea na Madamu. Mi nilifikiri fundi anajua. Niliona tu haupiti kule."

"Kule wanapiga risasi, mama."

"Eh, najua," akasema. "Nguo za watoto wangu haziruhusiwe mu mashine. Naanika kule kila siku."

Alisema bila ukali, kama mtu anayekueleza njia ya sokoni. Kisha akapandisha beseni kiunoni, maana mashine ilikuwa imekufa na nguo za Madamu zilikuwa lazima zikauke, akaenda nyuma ya nyumba. Nilihesabu hatua zake tangu kwenye kona. Zilikuwa kumi na mbili, na hakuinama.